Ugonjwa Uliokosa Mstari Daftarini

Julai 1952, katika uwanda wa juu wa Makonde, watu walianza kuanguka ghafla. Mtu aliamka mzima, akashika jembe, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amekaa chini hawezi kunyanyuka. Homa ilipanda kwa kasi. Magoti, viwiko, vifundo vya miguu na vidole vilishikwa na maumivu makali kiasi kwamba mgonjwa hakuweza kujigeuza kitandani bila mtu wa kumshika, na usiku usingizi haukuja. Baada ya siku chache homa ilishuka, upele unaowasha ukatokea kiwiliwilini, na ndugu wakadhani yamekwisha. Kwa wengi yalikuwa bado. Viungo viliendelea kuuma kwa wiki nyingi, na wengine waliteseka kwa miezi, wakipata nafuu leo na kurudi kitandani kesho kutwa.

Ugonjwa ulienea wilaya za Newala na Masasi mpaka mwanzoni mwa 1953. Wenyeji waliuita chikungunya kwa jinsi unavyomkunja mtu, na kwa jina hilo hilo unajulikana leo Brazili, India na Ufaransa. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama habari ya virusi na mbu. Naona ina upande mwingine unaostahili kusimuliwa kwa wanaojali afya ya akili: jinsi daktari anavyofanya anapokutana na mgonjwa ambaye maelezo yake hayaingii katika majina ya magonjwa aliyoyasoma chuoni. Katika miezi ile ile ambayo Newala ilikuwa ikiugua, daktari mwingine katika eneo hili hili la Afrika Mashariki alikuwa ameshaamua kwamba kuna ugonjwa mmoja ambao Waafrika karibu hawaugui kabisa. Ugonjwa huo ni sonona.

Kwanza tukae Newala kidogo, maana mahali penyewe ni sehemu ya maelezo.

Uwanda wa Makonde uko kusini mashariki kabisa mwa Tanzania, na ukingo wake wa kusini unatazama bonde la mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Udongo wake ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini na kwenda kutokea kwenye chemchemi za mabondeni, mamia ya mita chini ya vijiji. Katika karne ya 19 watu walipanda huku wakikimbia uvamizi wa Wangoni na misafara ya watumwa, wakachagua usalama wa vichaka badala ya maji. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 kuchunguza mila za wenyeji, aliwakuta wakiishi na uchaguzi huo. Wanawake waliteremka mteremko mkali kuchota, wakapanda na mtungi kichwani, na safari moja ilikula saa nyingi za siku. Hata miaka ya mwanzo ya 1950, kabla ya mabomba ya mradi wa maji wa Makonde, hali haikuwa tofauti sana.

Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi. Yaliwekwa ndani ya nyumba, mtungini, mahali penye giza na ubaridi. Mtungi wa namna hiyo ndio makazi anayoyapenda mbu aitwaye Aedes aegypti, yule mweusi mwenye miguu yenye madoa meupe, anayeuma mchana. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai yanaonekana kama punje za baruti, yanaweza kukaa makavu kwa miezi, na mama mwenye nyumba anapojaza mtungi upya maji yanayafikia na viluwiluwi vinaanguliwa. Kwa hiyo taabu ya maji ndiyo iliyowaleta mbu chumbani. Kila nyumba ilikuwa na mtungi, na ugonjwa ulipoingia kijijini uliweza kulaza jamaa nzima kwa pamoja.

Chini ya uwanda, upande wa Masasi, walikuwapo watu wa misheni. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alianzisha kituo cha Masasi mwaka 1876 akiwa na kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar. Misheni hiyo ilipitia uvamizi wa Wangoni mwaka 1882 na vita vya Majimaji mwaka 1905, na baadaye ikajenga hospitali, mojawapo ikiwa Lulindi. Hapo ndipo alipofanya kazi Leader Stirling kabla hajawa, miaka mingi baadaye, Waziri wa Afya wa Tanzania. Na hapo ndipo alipokuwa daktari Marion Robinson ugonjwa ulipozuka.

Robinson hakuwa na maabara ya virusi. Alikuwa na vitanda, kipimajoto, wagonjwa wengi kuliko nafasi, na kitabu cha magonjwa ya kitropiki kilichompa jibu lililo karibu: dengi. Homa ya ghafla, maumivu ya mwili, upele, vyote vilikuwamo. Angeweza kuandika "dengi" na kuendelea na kazi, na hakuna mtu London ambaye angemuuliza. Katika makala yake ya 1955 alikiri kwamba ugonjwa unafanana na dengi. Hakuacha hapo, aliandika kila alichokiona: maumivu ya viungo yanavyomzuia mtu kusogea, yanavyorudi baada ya homa kwisha, yanavyodumu. Aliweka jina la wenyeji katika maandishi yake ya kitabibu. Jambo ambalo wagonjwa walilisisitiza kuliko yote, yaani viungo, halikufanywa dalili ya pembeni.

W. H. R. Lumsden, mtaalamu kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Newala, alifika kuchunguza ugonjwa unavyoenea, nyumba zilivyo na mbu walivyo. Damu ya wagonjwa ilisafirishwa Entebbe. Huko R. W. Ross alivipata virusi kwa kuvikuza katika vichanga vya panya, na ripoti yake ikatoka mwaka 1956. Maelezo ya Robinson yalikuwa yamehifadhi tofauti, na maabara ikapata cha kueleza.

Pwani iliwahi kupitia jambo kama hili, ila mwisho wake ulikuwa tofauti. Mwaka 1870 Zanzibar ilikumbwa na homa ya viungo ambayo Waswahili waliiita kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko, aliieleza kwa makini, na wazee wakamkumbusha kwamba ugonjwa kama huo ulipita pia karibu mwaka 1823. Wataalamu wa baadaye waliyaingiza yote hayo katika fungu la dengi. Karibu miaka mia moja ilipita ndipo mtafiti Donald Carey, mwaka 1971, aliposoma upya maelezo ya zamani na kusema kwamba yale maumivu ya viungo yanayodumu yanaelekea zaidi kwenye chikungunya. Jina lililokuwepo lilikuwa limemeza ugonjwa mzima.

Sasa twende Nairobi.

John Colin Carothers alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni nchini Kenya. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari ingawa hakuwa amesomea magonjwa ya akili, na akaiongoza hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na katika ugonjwa. Humo, kama alivyokuwa ameandika tangu miaka ya 1940, alisema kwamba sonona ni nadra mno miongoni mwa Waafrika. Alitafuta sababu katika malezi, katika utamaduni, na hata katika sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo alidai Mwafrika haitumii ipasavyo. Mwafrika, kwa maoni yake, habebi wajibu wake binafsi, hivyo hana cha kujilaumu, na asiyejilaumu hapati sonona. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya Kenya kijitabu kilichoyaeleza mapambano ya Mau Mau kama tatizo la saikolojia ya Wakikuyu. Watu walionyang'anywa ardhi waligeuzwa wagonjwa, na papo hapo watu wenye huzuni nzito wakaambiwa hawana ugonjwa.

Ubaguzi wa rangi uliomo katika maandishi yale uko wazi, na si wajibu wetu kuupunguzia makali. Lakini kuna kosa la kitabibu ndani yake ambalo lingeweza kufanywa hata na mtu mwenye nia njema, na ndilo linalotuhusu mpaka leo. Carothers aliwahesabu waliofika Mathari. Nani alifikishwa Mathari? Yule aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi sokoni, yule ambaye chifu au polisi alilazimika kufanya jambo juu yake. Tanganyika mambo yalikuwa hivyo hivyo. Lutindi, milimani Usambara, palipoanza kama makazi ya yatima wa biashara ya watumwa na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na Mirembe ya Dodoma iliyofuata wakati wa Waingereza, zilipokea watu walioonekana wanasumbua. Mama wa Newala ambaye ameacha kula, anayeshinda ameegemea ukuta, anayesema mwili wote mzito na kichwa kinawaka, hamsumbui chifu. Shemeji zake watamlimia, mama mkwe atawapikia watoto, mganga ataitwa. Hakuna polisi wa kumpeleka Dodoma. Kwa takwimu za hospitali, mama huyo hayupo.

Kosa la pili lilikuwa la alichokitafuta. Sonona aliyoisoma vitabuni ilikuwa ile ya wagonjwa wa Ulaya: mtu anayesema ana huzuni, anayejiona mwenye hatia, anayejihukumu. Aliyekuja na kifua kinachobana, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio na mwili uliochoka bila kazi hakuitwa mwenye sonona. Chini ya uwanda wa Makonde, daktari aliandika maumivu ambayo kitabu chake hakikuyaeleza vizuri. Mathari, daktari alichukua kitabu akakifanya kipimo cha watu, na watu wasiolingana nacho wakaandikwa kwamba hawana kitu.

Miaka michache tu ilitosha kuyaangusha madai yale. Margaret Field, aliyekuwa mtaalamu wa mila kisha akasomea udaktari, alikwenda kukaa kwenye vilinge vya miungu vya Waashanti nchini Ghana. Kitabu chake cha 1960 kilisema kwamba ugonjwa wa akili ulio wa kawaida zaidi kwa wanawake wa vijijini pale ni sonona. Wanawake walifika kilingeni wakijishtaki wenyewe kuwa ni wachawi, kwamba wameua watoto wao, kwamba hawastahili kuishi. Kujilaumu ambako Carothers alisema hakupo kulikuwa tele, ila kulisemwa kwa lugha ya uchawi, mbele ya kuhani, mahali ambapo daktari wa serikali hakanyagi. Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alikuwa akiwatibu wagonjwa Aro, Abeokuta, wakiwa wamepanga vijijini pamoja na ndugu zao, na akashirikiana na waganga wa jadi bila aibu.

Mwaka 1968 daktari wa akili Raymond Prince aliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema: je, sonona iliongezeka ghafla Afrika, au madaktari ndio waliobadilika? Alipoyapanga maandishi kwa miaka, aliona kwamba kabla ya 1957, mwaka Ghana ilipopata uhuru, karibu kila mtu aliandika "nadra". Baada ya hapo wengi wakaandika "ni ya kawaida". Kisha watafiti John Orley na John Wing walichapisha, mwaka 1979, matokeo ya vijiji viwili vya Uganda. Walitumia mahojiano ya aina moja huko na kwa wanawake wa Camberwell, London. Sonona ilionekana zaidi vijijini Uganda kuliko London.

Lakini ushindi huo ulileta tatizo lake. Baada ya kukubali kwamba Mwafrika anaugua sonona, wataalamu wengi walichukua orodha ile ile iliyoundwa Marekani na Ulaya wakaitafsiri, wakaanza kuhesabu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la 1980 na yaliyofuata, uliifanya kazi hiyo iwe rahisi. Katika matoleo ya baadaye ziko dalili tisa. Mgonjwa awe nazo angalau tano kwa wiki mbili, na mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo. Aliye na tano ana sonona. Aliye na nne, au aliye na kumi ambazo hazimo katika zile tisa, anawekwa pembeni katika fungu la "isiyobainishwa", fungu la mabaki. Sina ugomvi na orodha. Bila orodha, daktari wa Mtwara na wa Mwanza wangekuwa wanazungumza mambo mawili tofauti. Ugomvi wangu ni pale fungu la mabaki linapojaa kuliko mafungu yenyewe, na bado tunaamini kwamba wenye kasoro ni wagonjwa.

Hebu tazama zahanati yoyote ya uwandani asubuhi ya kliniki. Mwanamke wa miaka arobaini hivi anaketi mbele ya tabibu. Anasema mwili wote unauma. Kichwa kizito. Moyo unaenda mbio akiwa amekaa tu. Usingizi anaupata usiku wa kwanza, kisha saa nane anaamka na hapati tena. Anasema ana mawazo. Tabibu anamchoma kidole kwa kipimo cha malaria, mstari mmoja tu, hana. Anampima presha, iko sawa. Nje wako wengine thelathini. Anafungua daftari la MTUHA, lile la takwimu za wagonjwa, anatafuta mstari wa kumwandika, na kwa sababu kila mgonjwa lazima awe na mstari, anaandika maumivu ya misuli, au maambukizi ya njia ya mkojo, au vidonda vya tumbo. Mwanamke anaondoka na Panadol. Mwezi ukiisha, karatasi za wilaya zitaonyesha kwamba kijiji hicho hakikuwa na mgonjwa hata mmoja wa sonona. Mgonjwa mwenyewe alisema neno "mawazo" kwa sauti, na halikuwa na pa kuandikwa.

Mwanamke huyo hajui, na tabibu pengine hajaambiwa, kwamba jambo hilo hilo limechunguzwa kwa kina kusini zaidi. Zimbabwe, watu wanaozungumza Kishona huita kufungisisa hali ya kufikiri kupita kiasi mpaka mwili unaugua. Mtafiti Vikram Patel na wenzake wa Harare, miaka ya 1990, walianzia hapo. Waliwauliza wagonjwa, wauguzi na waganga wa jadi wanavyoieleza, wakatunga maswali kwa Kishona yaliyochapishwa mwaka 1997. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani, toleo la tano, uliiorodhesha kufungisisa miongoni mwa namna ambazo watu wa tamaduni mbalimbali hueleza mateso yao. Imewekwa mwishoni mwa kitabu, kwenye nyongeza. Ni hatua, ingawa bado haijafika mezani.

Dar es Salaam nako kumefanyika kazi ambayo haijulikani inavyostahili. Mwaka 2003 mtafiti Ngoma na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watu wanaohudhuria vituo vya afya na wanaohudhuria kwa waganga wa jadi jijini. Wenye matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona, wasiwasi na mchanganyiko wake, walikuwa asilimia 24 vituoni na asilimia 48 kwa waganga. Ni mara mbili. Mgonjwa alikuwa amekwisha kuamua mahali atakaposikilizwa, na takwimu za hospitali zilikuwa zikihesabu waliobaki. Mwaka 2008 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walitoa matokeo ya chombo cha maswali 19 kilichoundwa hapa nchini kwa namna watu wenyewe wanavyosimulia mateso, na kikaonyesha kwamba kinaweza kumtambua mwenye sonona. Hapo mgonjwa hafundishwi kwanza lugha ya daktari ndipo atibiwe.

Lazima nikubali hoja moja ya upande wa pili. Robinson alikuwa na bahati ambayo daktari wa akili hana. Ndani ya damu ya wagonjwa wake kulikuwa na kitu, kikakuzwa Entebbe, na kubishana kukaisha. Sonona haina virusi vya kukuza katika panya. Hakuna kipimo cha damu kitakachosema mwanamke yule wa zahanati amefika au hajafika kwenye dalili tano. Kuna anachosema, anavyokaa, na wanachosimulia wa nyumbani kwake. Hiyo ndiyo sababu maneno yake yanahitaji kuandikwa kwa uangalifu zaidi kuliko ya mgonjwa wa homa: hakuna maabara itakayokuja baadaye kurekebisha tulichokiacha.

Halafu chikungunya yenyewe ilirudi, na simulizi hizi mbili zikakutana katika mwili mmoja. Mwaka 2004 ililipuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa mji huo waliambukizwa. Chanzo kilifanana na cha Newala: ukame, maji yaliyohifadhiwa majumbani, mbu. Kutoka pwani ya Kenya ilivuka hadi Komoro mwanzoni mwa 2005, kisha ikafika Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, ambako kufikia 2006 watu wapatao 266,000 walikuwa wameugua, zaidi ya theluthi ya wakazi wote.

Réunion ina hospitali zenye vifaa na watafiti wenye fedha, kwa hiyo waliougua walifuatiliwa kwa miaka. Waliokuwa wameambukizwa walilalamika, kuliko wasioambukizwa, maumivu ya viungo yasiyokwisha, uchovu, kusahau, kushindwa kutulia na kufanya kazi ya kufikiri, na huzuni. Mgonjwa wa namna hii anakwenda kwa daktari wa viungo, ambaye haoni uvimbe wa kutosha kumwita mgonjwa wa baridi yabisi. Anakwenda kwa daktari wa akili, ambaye anamwambia uchovu wake na kukosa usingizi ni vya maumivu, havihesabiki. Kila mmoja anazo dalili nne mkononi na anangoja ya tano. Katika mwili wa mgonjwa hakuna mpaka kati ya goti na moyo. Aliyekaa miezi hawezi kushika jembe, anayelishwa na watoto wake, anayeamka saa nane za usiku kwa maumivu na kubaki macho na mawazo mpaka alfajiri, anaugua jambo moja, na likikatwa vipande viwili kila kipande kinaonekana kidogo.

Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ulioanza kutumika Januari 2022, umeanza kulitambua hilo. Umeweka miongoni mwa magonjwa ya sonona hali ya mchanganyiko wa sonona na wasiwasi, ambapo hakuna upande uliofikia kiwango peke yake, na umeeleza chini ya magonjwa mengi namna utamaduni unavyobadilisha sura ya dalili. Wagonjwa wa aina hiyo, wa kawaida kabisa katika zahanati zetu, ndio waliokuwa wamelijaza fungu la mabaki.

Na tiba haihitaji kungoja mpaka kila kitu kipate jina. Mwaka 2002 kundi la watafiti, akiwamo Paul Bolton, lilifanya kazi katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, vilivyokuwa vimebomolewa na UKIMWI. Kwanza waliwauliza wanakijiji ni matatizo gani ya akili wanayoyaona. Wakatajiwa hali mbili zenye majina ya Kiganda, moja ya mtu kujichukia na nyingine ya mtu kujihurumia, zinazokaribiana na sonona bila kufanana nayo sawasawa. Wagonjwa walitafutwa kwa majina hayo. Kisha vikundi vya wanawake na vya wanaume, kila kimoja peke yake, vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa eneo hilo hilo waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Walizungumza juu ya waliofiwa nao, ugomvi wa ndoa, na maisha yaliyopinduka. Kabla ya hapo asilimia 86 ya waliokuwa katika vikundi walikuwa na sonona kwa vigezo vya kitabibu. Baada yake ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, ilikuwa 94 ikashuka hadi 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi kwa matumizi ya dunia nzima. Ni shirika lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers.

Kwa Newala na Masasi kazi iliyobaki inajulikana. Maswali 19 ya Dar es Salaam yalizaliwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam. Bibi wa Kitangari anasimulia maumivu yake kwa Kimakonde, wa Masasi kwa Kiyao au Kimakua, na Kiswahili anakitumia kwa tabibu kwa sababu tabibu ametoka mkoa mwingine. Wanaojua wanawake wa huku wanavyoeleza mateso wapo: makungwi wa unyago, wakunga wa jadi, waganga, wauguzi wakongwe wa hospitali za Ndanda na Lulindi. Chuo kimoja, fedha za kiasi na watafiti wanaojua lugha hizo wanatosha kuanza, kwa kukaa nao na kuandika, kisha kupima kilichoandikwa kwa wagonjwa wa zahanati zenyewe. Wakati hilo linasubiriwa, tabibu anaweza kuanza kesho kwa kuandika neno "mawazo" kwenye faili la mgonjwa aliyelisema, pamoja na tarehe, na kumwambia arudi baada ya wiki mbili.